Trekta Juu ya Magogo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Twaomba mtege sikio kidogo kwa habari ya tairi. Mtu aweza kunung'unika, "Tairi si siasa." Basi na aende akalitazame trekta la ushirika wetu, lililo juu ya magogo tangu tairi lake kubwa la nyuma lilipopasuka. Mvua imekwisha anguka, nasi tumerudi kwenye jembe la mkono. Muuzaji alitutajia bei, tukaenda kuchanga. Tuliporudi na fedha mkononi, bei ilikuwa imepanda tena.

Bei hiyo haitungwi hapa. Mpira mwingi wa miti ulimwenguni hutoka Thailand na Indonesia; masizi yanayoukaza hutengenezwa kwa mafuta; kisha tairi hupakiwa melini, na tairi la trekta hula nafasi kubwa. Nauli za meli zilipopaa mwaka 2021, mkulima asiyepata kuiona bahari alizilipa.

Lakini mpira twaupanda hata sisi! Upo Kihuhwi, wilayani Muheza, na upo Kalunga, huko Morogoro. Kiwanda nacho tulikuwa nacho: General Tyre ya Arusha ilianza kutoa matairi mwaka 1971, ikasimama mwaka 2009. Habari za kukifufua tumezisikia mara nyingi. Hatusemi kwamba kiwanda kitashusha bei kwa siku moja, wala mitambo ya zamani haifufuki kwa makofi ya mkutano. Twasema wajumbe wetu waulize, nasi tuletewe jibu lenye tarehe.

Hata hivyo tusiwalaumu wa mbali peke yao. Ni nani aliyelifunga trela trekta lile, likapeleka watu harusini kwa barabara ya lami? (Wengine wenu mlipanda, nasi tulipanda.) Meno ya tairi la shamba yamefanywa kwa ajili ya udongo, lami huyala. Upepo ukiwa haba na mzigo mkubwa, ubavu hupindapinda, hupata moto, nyuzi za ndani zikakatika. Nani kati yetu alipima upepo ule? Hakuna.

Sasa ushirika wetu na wa jirani waagize matairi pamoja, maana mnunuzi wa tairi moja hana sauti dukani. Daftari la michango liko mezani kwa katibu, na hesabu yake itasomwa hadharani, senti kwa senti, kila Jumamosi mpaka trekta lishuke.