Mgeni na Mjukuu wa Mgeni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tuutazame mji wa Berlin, katika Ujerumani, kwani mna mazingatio ndani yake. Tarehe 30 Oktoba 1961 Ujerumani ya Magharibi ilipatana na Uturuki kuajiri wafanyakazi. Watu hao waliitwa wafanyakazi wageni, ikidhaniwa kuwa watatumika miaka michache kisha warejee kwao. Mwaka 1973 uajiri huo ulisimamishwa, lakini wengi walibaki, wakaleta wake na watoto, wakakaa katika mitaa kama Kreuzberg na Neukölln. Huko wakazaliwa watoto, kisha wajukuu.

Je, aliyezaliwa Berlin, akasoma Berlin, akaoa Berlin, ni mgeni wa wapi? Kwa miaka mingi sheria ilimhesabu mgeni, kwa kuwa uraia ulifuata damu ya wazazi. Tangu tarehe 1 Januari 2000 mtoto wa wageni aweza kupata uraia kwa kuzaliwa, iwapo mzazi mmoja ametimiza miaka ya ukaazi iliyowekwa. Na tangu Juni 2024 anayeomba uraia halazimishwi tena kuacha ule wa kwanza. Basi karatasi zimetengenea. Nyoyo je? Kwani mwenye hati mkononi bado huulizwa: "Hasa kwenu ni wapi?"

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii akamtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Mwenyeji alifungua mlango, wala mgeni hakukaa kitako akingoja kulishwa.

Basi mwenyeji asimfanye jirani kuwa mgeni kizazi baada ya kizazi. Naye mzazi mhamiaji asimnyime mwanawe lugha ya mji, elimu yake na ujirani wake kwa kuihofia dini. Dini hailindwi kwa kumfungia mtoto ndani. Hulindwa kwa kumfundisha. Sura ya Al-Hujurat yatufunza kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane, na ubora ni kwa uchaMungu.

Ewe Mola wetu, tupe nyoyo zenye nafasi kwa jirani, na watoto wetu uwape makazi yenye amani. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.