Haki ya Askari Aliyeumia Viungo Isifie Masijala



Askari aliyepoteza mguu vitani haulizwi maswali mengi. Kila amwonaye hujua. Lakini yuko askari mwingine aliyerudi nyumbani na miguu yake yote miwili, ila goti moja lilikuwa limeteguka handakini, au bega liliumia alipoanguka na mzigo. Huyo alichuliwa dawa, akapumzishwa siku chache, kisha akarudi kazini. Miaka 20 au 30 baadaye goti huvimba na kugoma kukunjika, na mzee hushindwa kupanda ngazi za ofisi anakokwenda kudai haki yake. Akiulizwa anaumwa nini, hujibu kuwa ni baridi yabisi. Karani huandika: uzee. Hapo ndipo dai hufa.

Pwani ya Tanga yaijua habari hii tangu zamani. Tarehe 2 Novemba, 1914, meli za Waingereza zilifika Tanga na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, wakaanza kuteremshwa Ras Kasone. Waliowakabili walikuwa kama 1,000 tu chini ya Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, na wengi wa hao walikuwa Waafrika. Siku tatu baadaye Waingereza walirudi melini wameshindwa. Mwezi Januari, 1915, damu ikamwagika tena Jasin, karibu na mpaka wa Kenya. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya majemadari wa vita hivyo. Juu ya viungo vya askari wa kawaida na wapagazi yameandikwa machache mno.

Wapagazi hasa ndio walioubeba mzigo wa vita ile. Pande zote mbili ziliwachukua watu, wengi kwa nguvu, wabebe risasi na chakula mahali ambapo reli haikufika na wanyama walikufa kwa ndorobo. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi, na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia warithi wao. Aliyerudi na magoti yaliyokwisha aghalabu hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha yalikwishia wapi.

Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Basi mlipaji akamkabidhi kila mzee ufagio kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wote, husemwa, walizitii amri bila kukosea.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko na kwa sifa. Lakini yafaa kukitazama kwa makini. Mtihani ule ulithibitisha utumishi kwa uzima wa mwili. Je, mzee ambaye bega lake liliharibika vitani angewezaje kuuinua ufagio ule? Aliyeumia zaidi ndiye ambaye angeshindwa mtihani. Na hivyo ndivyo inavyokuwa pale ofisi inapokosa kumbukumbu: mwenye madhara makubwa ndiye mwenye ushahidi mdogo.

Vita Kuu ya Pili haikuleta nafuu kubwa. Tanganyika ilitoa askari wapatao 87,000, na miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki walikuwamo waliopigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliitungia vita ile utenzi mrefu. Walipoachishwa jeshi, kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi ya ngozi: nyaraka zilizotangazwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Mwafrika aliweza kulipwa theluthi tu ya alicholipwa Mzungu. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa pauni milioni 12 kwa wazee wa vita wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye shida. Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Dhuluma ya mkoloni si ajabu. Ajabu ingekuwa Taifa huru kumpoteza mtetezi wake ndani ya jalada. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba, 1978, walioitika hawakuwa wanajeshi wa JWTZ peke yao. Walikwenda mgambo, vijana wa JKT, Polisi na Magereza, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, 1979, wengi walikuwa wametembea kwa miguu masafa marefu na silaha mabegani. Mgambo aliyetoka shambani akarudi shambani alikuwa na karatasi chache kuliko mwanajeshi wa kudumu, ilhali goti lake lilikuwa goti lile lile.

Madaktari hufahamu kwamba gegedu ikichanika au kano ikikatika, kiungo kinaweza kuliwa polepole kwa miaka mingi kabla mtu hajalemaa. Picha ya eksirei huonyesha kwamba kiungo kimeharibika. Haisemi kiliharibika lini wala wapi. Kwa hiyo dai la namna hii husimama juu ya mafiga matatu: hali ya kiungo sasa, tukio lililotokea kazini, na maelezo ya daktari yanayounganisha hayo mawili. Figa moja likikosekana, chungu humwagika.

Hapa ndipo wajibu wa mwalimu na mtumishi wa umma unapoanza. Mzee wa Pangani, Muheza au Mkinga asiyeweza kuandika vizuri humwendea mwalimu wa kijiji. Mwalimu na aandike namba ya jeshi, kikosi, mahali, mwaka, hospitali iliyomtibu, na majina ya wenzake waliokuwapo, maana shahidi akifa hafufuliwi na barua. Maelezo ya wenzake yafanywe hati ya kiapo. Ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa wilaya iulizwe utaratibu. Daktari naye aombwe aandike kiungo kinashindwa kufanya nini, si jina la ugonjwa tu. Na kila karatasi inayopelekwa, nakala yenye mhuri ibaki kwa mwenyewe.

Somo hili lawahusu raia pia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015, hutambua ajali na hata maradhi yatokanayo na kazi, lakini huweka muda wa kutoa taarifa. Mwalimu aliyeteguka kazini akanyamaza hana tofauti na yule askari aliyechuliwa dawa akarudi kazini.

Karani ashikapo kalamu mbele ya mzee anayechechemea, neno "uzee" ni rahisi kuandika. Kabla ya kuliandika, na amwulize swali moja: goti hili liliumia wapi? Kisha aandike jibu lake lote.