Dawa zikishafika zahanati, nani anaangalia zinavyoandikwa?

Haya ni maneno ya mazungumzo yangu ya jioni. Nimeyaweka hapa kama nilivyosema, ili wale hawakuwepo wasome.

Wenzangu, midahalo ya afya mmeisikiliza vya kutosha. Mmoja anasimama anasema hospitali zetu hazina dawa. Mwingine anajibu ati lori zimefika kila kaunti na stakabadhi anazo. Watu wanapiga makofi kulingana na upande wao, tunaenda nyumbani. Leo nataka tuguse kitu ambacho hao wote wawili wanakiruka: dawa ikishafika, inaandikwa vipi? Kwa ugonjwa gani? Na kuna mtu anayekagua?

Tuanze na anayeandika. Siku hizi "daktari wa familia" anatajwa sana. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufunza mabingwa hao mwaka 2005, lakini bado ni wachache. Kwa wengi wetu daktari wa familia ni yule afisa wa kliniki au muuguzi wa zahanati, ambaye kijiji kizima kinamwita "daktari" tu. Nikisema daktari leo, namaanisha huyo.

Sasa chukua mtoto wa miaka mitatu. Ana mafua, anakohoa kidogo, amechangamka, anapumua vizuri. Mara nyingi hiyo ni virusi, na antibiotiki haiui virusi. Lakini hebu angalia anavyotoka: amoksisilini, dawa ya kikohozi, dawa ya homa, na pengine sindano juu yake. Mafua ambayo yangeisha yenyewe.

Je, daktari hajui? Anajua. Lakini foleni imefika getini na maabara haina vifaa. Kumweleza mama kwa nini mtoto hahitaji dawa kunachukua dakika kumi, kuandika ni sekunde kumi. Na mama mwenyewe amelipa boda kuja; akirudi mikono mitupu atasema hakuhudumiwa. Tuambiane ukweli, ni wangapi hapa wamewahi kumsifu daktari kwa kutowapa dawa?

Halafu kuna pesa, na hapo ndipo jukwaa hunyamaza. Kliniki nyingi za mtaani zinatoza kidogo sana kumwona mgonjwa, faida inatoka kwa dawa. Anayeandika ndiye anayeuza. Sisemi ni wezi. Nasema ukimlipa mtu kwa wingi wa dawa atauza dawa nyingi, kama vile makanga anayelipwa kwa abiria atajaza matatu. Ongeza wakala wa kampuni anayepita na kalamu na kalenda akisifu bidhaa yake. Karatasi inaandikwa jina la bidhaa badala ya jina la dawa yenyewe, mgonjwa anafika kwa kemisti na kuombwa pesa nyingi, wakati dawa ile ile iko hapo rafuni kwa bei nafuu. Hana. Ananunua nusu dozi.

Kuna mtu ataniambia hizi ni porojo za walio na dawa, kwao hakuna hata Panadol. Nakusikia, na usiache kupiga kelele kuhusu hilo. Lakini jiulize ile ndogo iliyoletwa iliishia wapi. Vidonge vya amoksisilini vya kuyeyusha ndivyo dawa ya kwanza kwa mtoto wa nimonia. Vikigawiwa mafua wiki mbili za kwanza, yule wa nimonia akiletwa wiki ya tatu, mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, kabati ni tupu. Na hata kukiwa na dawa, vijidudu vilivyozoeshwa dawa ovyo vinakuwa sugu.

Cha kuudhi ni kwamba hili tulilijua mapema. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliita wataalamu hapa hapa Nairobi kuzungumzia matumizi bora ya dawa. Mambo waliyokubaliana bado yanafundishwa: dawa inayofaa ugonjwa, kwa kipimo cha mgonjwa huyo, kwa muda wa kutosha, kwa gharama ndogo kabisa. Miaka arobaini!

Na kubadilika kunawezekana. Zamani kila homa ilikuwa malaria. Mwaka 2010 mwongozo wa nchi ukasema pima kwanza, mkubwa kwa mdogo, ndipo utibu. Vipimo vya tone la damu vikafika zahanati. Shida ni kwamba kipimo kikisema hakuna malaria, mara nyingi mkono unahamia antibiotiki.

Uingereza mwaka 2014 walijaribu kitu rahisi mno. Mganga mkuu wa serikali aliziandikia barua kliniki za madaktari wa familia zilizoongoza kwa kuandika antibiotiki: asilimia 80 ya kliniki za eneo lenu zinaandika kidogo kuliko nyinyi. Hakuna faini, hakuna polisi. Uandikaji ukashuka kwa asilimia 3.3 hivi. Si muujiza, lakini ni bei ya stempu.

Sisi tungeweza? Barua kama hiyo inahitaji rekodi: nani aliandika nini. Sheria ya Afya ya Kidijitali tunayo tangu 2023, na ya Afya ya Msingi pia. Bima mpya ilipoanza Oktoba 2024, kelele yote ilikuwa asilimia 2.75. Sawa, ni jasho letu. Lakini pesa hizo zitanunua nini kama karatasi za dawa hazisomwi na mtu? Kwa hivyo mgombea wa ugavana akija kwenu na habari za lori, muulize: kaunti hii ina mfamasia anayezungukia zahanati kupitia rekodi pamoja na wahudumu? Na kliniki ya kibinafsi italipwa kumwona mgonjwa, au itaendelea kulipwa kwa dawa? Akijibu kwa nambari ya lori, rudia swali.

Kabla sijashuka, yule kijana wa nyuma aliuliza kama sindano ina nguvu kuliko tembe. Hapana. Kama unaweza kumeza na hutapiki, amoksisilini ya mdomo inaingia mwilini vizuri. Sindano ni ya mgonjwa mahututi, au anayetapika kila kitu, au ugonjwa ambao dawa yake haifanyi kazi ikimezwa. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, una haki ya kumuuliza daktari ni ya nini.