Jina Lililodumu



Reli ilipofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, Florence Preston, mke wa mhandisi, alipigilia msumari wa mwisho. Bandari ikaitwa Port Florence. Jina hilo halikudumu. Lililodumu ni Kisumu, ambalo Wajaluo hulieleza kuwa ni mahali walipokwenda wenye njaa kubadilishana mali kwa chakula.

Jina la heshima lilifutika; jina la wahitaji likabaki. Wana wa Yakobo nao walishuka Misri kununua nafaka, wakamkuta ndugu yao akisimamia ghala.

Je, jirani akija ufuoni kwetu leo na kikapu kitupu, atamkuta ndugu, au mchuuzi tu?

Bwana atufungue mikono. Amina.