Mgeni, Jembe na Viza

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, Stanmore, London



Kwanza kabisa natoa shukrani zangu za dhati kwa kamati ya maandalizi kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu. Nimepewa dakika 15, na Katibu amekwisha niashiria kwamba pilau haingoji mtu. Nitajitahidi.

Nimetakiwa kuzungumza juu ya vijana wetu wanaokuja kusoma katika nchi hii na kisha kuanza mafunzo ya kazi hapa London. Siku hizi Tanzania husema mafunzo tarajali. Wazee wetu walikuwa na neno lao, nalo ni uanagenzi. Mtoto alipelekwa kwa fundi seremala au fundi cherehani, akafagia karakana, akatumwa maji, akautazama mkono wa fundi mpaka naye akaaminiwa msumeno. Waingereza nao walikuwa na desturi hiyo kwa karne nyingi. Mzazi alilipa ada ili mwanawe apokewe na fundi, na hata makarani wanagenzi wa uhasibu walilipiwa hivyo mpaka katika karne ya 20. Basi jambo lenyewe si geni kwetu wala kwao. Kilicho kigeni ni masharti yake ya leo, na ni masharti hayo yaliyoleta maneno katika ukoo wetu mwaka uliopita. Sitayafunika maneno hayo, kwani takribani kila mmoja humu ndani ameyasikia kwa simu.

Kwa nini vijana hawa hufikia Stanmore? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni sisi wenyewe: tangu miaka ya 1970, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, na hata kabla yake walipoanza kuhama wale wa Kenya, familia nyingi za Afrika Mashariki zimefanya maskani upande huu wa Harrow, na za kwetu zikafuata. Ya pili ni reli. Stesheni ya Stanmore ilifunguliwa mwaka 1932, na tangu mwaka 1979 ndiyo mwisho wa njia ya Jubilee. Njia hiyo ilipopelekwa hadi Stratford mwaka 1999, mtu akawa anapanda treni hapa na kushuka Canary Wharf, penye mabenki makubwa, bila ya kubadilisha. Kijana hupata kiti asubuhi kwa kuwa treni huanzia hapa. Huo ni utajiri ambao watu wa Kilburn hawaujui.

Sasa niingie katika kiini. Sote tumelelewa kwa ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni methali njema. Humfanya mgeni awe mtu wa nyumbani, asione haya kula. Lakini mwanafunzi mwenye viza ya masomo ni mgeni ambaye sheria imeupima mpini wa jembe lake. Anayesomea shahada huruhusiwa, wakati wa muhula, kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki, na wiki hiyo huhesabiwa kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili. Hawezi kufanya saa 25 wiki hii na 15 wiki ijayo akasema zimesawazika. Hawezi kujiajiri mwenyewe, kwa hiyo kupeleka vyakula kwa baiskeli kwa mkataba wa kujitegemea ni marufuku kwake. Na jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: kazi isiyolipwa nayo huhesabiwa.

Kijana wetu mmoja kutoka Tanga, ambaye simtaji jina ingawa anainamisha kichwa huko nyuma, alikuwa akisomea shahada ya uzamili hapa London. Mwezi wa Juni kampuni moja ya Canary Wharf ilimpa nafasi ya mafunzo ya kazi, saa 35 kwa wiki, kwa malipo mazuri. Wenziwe wakamwambia, pokea, huu ni wakati wa likizo. Yeye akaenda kwanza kuuliza katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Akaelezwa kwamba likizo ya kiangazi ni ya wanaosoma shahada ya kwanza; mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kiangazi huhesabiwa kuwa yumo katika muhula. Akairudia kampuni akaomba afanye saa 18 mpaka tarehe ya kumalizika kozi yake, na baada ya hapo aanze kazi kamili, kwa kuwa sheria humruhusu hivyo katika muda wa viza unaobaki. Kampuni ikakubali. Mimi nilifanya kazi katika ofisi za uhasibu za mji huu kwa zaidi ya miaka 30, na nawaambieni ni watu wazima wachache ninaowajua ambao wangeulizia kwa utulivu namna ile.

Ikafika Jumamosi moja ya Julai. Ami yetu, ambaye sote twampenda na ambaye alimpa kijana huyu chumba bila ya kumtoza hata senti moja, aliumwa mgongo, akamwomba akae dukani saa 4 tu. Hesabu ni nyepesi: 18 na 4 ni 22. Kijana akasema, ami, siwezi. Akaeleza kwa nini, lakini aliyekataliwa aghalabu hasikii maelezo. Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imefika Tanga kwamba mtoto amelishwa, amelazwa, na amekataa kumsaidia mzee mgonjwa. Kwamba London imemharibu. Mama yake alilia kwenye simu. Kwa muda wa wiki 3 walikula katika meza moja bila ya kusemezana.

Ndugu zangu, nasimama hapa kusema kwamba kijana yule hakumvunjia ami heshima. Alimlinda na kujilinda. Chuo ndicho mdhamini wa viza, na hulazimika kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani kikijua kwamba sharti limevunjwa. Viza yaweza kufutwa, na ada iliyolipwa kwa kuuza shamba haitarudi. Na mwenye biashara anayemwajiri asiye na ruhusa anaweza, tangu Februari 2024, kutozwa hadi £45,000 kwa kila mtu kwa kosa la kwanza. Naona ami anasogeza kiti chake. Namshukuru kwa kunipa idhini ya kuisimulia habari hii mbele ya hadhara. Ni uungwana mkubwa.

Niguse upande wa pili, yaani wa wanaotaka kumtumia kijana bila ya kumlipa. Binti yetu anayesomea tiba ya viungo, akipangiwa na chuo mazoezi ya hospitali, kama ile Royal National Orthopaedic ya hapa Brockley Hill, hadai mshahara. Mazoezi yale ni sehemu ya shahada yake, na saa zake haziingii katika zile 20. Hiyo ni haki. Lakini mpwa wangu wa kike, aliyekwisha kuhitimu, alipokewa na kampuni moja ya mavazi kwa miezi 6 "ya uzoefu". Alipewa nauli tu. Aliingia saa 3 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, akaandika hesabu za ghala, akajibu barua za wateja. Mtu anayepangiwa saa na kazi namna hiyo ni mfanyakazi mbele ya sheria, hata akiitwa jina gani, naye anastahili kima cha chini cha mshahara. Aprili 2025 kilikuwa £12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Nilimshauri awapigie simu Acas, ambao hutoa ushauri bila ya malipo, kisha aandike barua ya adabu isiyo na tusi wala machozi. Alilipwa tangu siku ya kwanza. Sina hakika kwamba angelipwa kama angenyamaza.

Na hapa nina neno na nyinyi vijana. Tumekufunzeni kunyamaza mbele ya wakubwa, na nyumbani msiache. Ofisini London, anayenyamaza mkutanoni hudhaniwa hajui. Ukipewa kazi usiyoielewa, usiseme ndiyo; uliza siku ile ile. Mkubwa akitaka umwite kwa jina lake tupu, mwite, hata ulimi ukigoma. Mtaombwa namba ya mtandaoni ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi, kwa kuwa zile kadi za ukaazi zilikoma mwishoni mwa mwaka 2024. Namba ya bima ya taifa ikichelewa, mtu aweza kuanza kazi wakati anaingojea, maadamu haki yake imethibitishwa. Na anayetaka kubaki kwa viza ya wahitimu aiombe akiwa humu humu nchini, kabla ya viza ya masomo kwisha. Hiyo ni ya miaka 2, lakini kwa maombi yatakayopelekwa tangu 1 Januari 2027 muda umepunguzwa kuwa miezi 18, isipokuwa kwa wenye shahada ya uzamivu. Muda huo ni mfupi kuliko unavyoonekana ukiwa Dar es Salaam.

Wazazi mlioko nyumbani, mtakaoisoma hotuba hii kitabuni, nawasihi: mtoto aliye katika mafunzo ya kazi hajaajiriwa. Msiwatangazie majirani, na msianze kumpelekea orodha ya mabati na ada za wadogo zake. Kodi ya chumba katika mji huu humeza mshahara kabla haujafika mkononi. Kijana mmoja aliniambia alikuwa akiikata simu ya nyumbani kila mwisho wa mwezi, na si kwa kukosa mapenzi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, pendekezo lililo mbele ya mkutano ni kwamba umoja uweke daftari la nyumba zenye chumba, kwa kijana anayeanza mafunzo ya kazi, kwa miezi 3 bila ya kodi. Na mwenye nyumba akubali kwa maandishi kwamba hatamwomba kazi ya duka, mkahawa wala ofisi yake. Kuosha vyombo na kumpeleka bibi hospitali hakumo katika katazo hilo, msije mkafurahi mno huko nyuma. Ami amekuwa wa kwanza kutia sahihi. Mpaka asubuhi hii nyumba 4 zimeandikwa, na vijana wanaotarajiwa Septemba ni 7. Daftari liko mezani kwa Katibu, kushoto mwa mlango wa jikoni, na kalamu imefungwa kwa uzi.