Kiti cha Chicago Kusini: Habari za Uchaguzi katika Wilaya ya Kwanza ya Illinois
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Halmashauri yetu imenipa heshima ya kusema mbele yenu jioni hii, nami nashukuru sana. Niliombwa nieleze namna watu wa Marekani wachaguavyo wajumbe wao. Nchi ile ni kubwa, na mambo yake ni mengi. Kwa hiyo nimeona ni afadhali nichukue wilaya moja tu ya uchaguzi, niifuate tangu mwanzo wa karne iliyopita mpaka siku hizi. Wilaya yenyewe ni ya kwanza katika jimbo la Illinois, upande wa kusini wa mji wa Chicago. Nimeichagua kwa kuwa ndiyo iliyopeleka Bungeni mtu mweusi wa kwanza wa karne ya ishirini, na tangu siku ile haijapeleka mtu asiye mweusi. Tena ipo sababu ya pili: katika wilaya hii huonekana wazi kwamba mara nyingi kiti hutolewa kabla ya siku ya kura kufika.

Kwanza kidogo juu ya utaratibu. Baraza la Wawakilishi la Marekani lina wajumbe 435, na kila mmoja huchaguliwa kwa miaka miwili. Kila baada ya miaka kumi watu huhesabiwa, kisha viti hugawanywa upya baina ya majimbo kwa kadiri ya watu wao, na kila jimbo huchora mipaka ya wilaya zake. Kabla ya uchaguzi mkubwa wa Novemba kila chama hufanya uchaguzi wa mchujo, ili wapiga kura wamchague mtu atakayesimama kwa jina la chama. Naomba muukumbuke mchujo huu, maana ndio utakaotuonyesha mengi.

Basi, Baraza la kutunga sheria la Illinois lilichora wilaya zake mwaka 1901, kisha likaiweka kalamu chini. Watu wakahesabiwa mwaka 1910, na 1920, na 1930, na 1940, na ramani ikabaki ile ile. Haikuwa uvivu wa makarani. Wajumbe wa mashamba waliona Chicago inakua, wakajua ya kwamba wakihesabu kwa haki watapoteza viti. Kufika mwaka 1946 wilaya moja ya Illinois ilikuwa na watu 112,116, na nyingine ilikuwa na watu 914,053, na kila moja ilikuwa na mjumbe mmoja! Profesa mmoja jina lake Colegrove alipeleka shauri mpaka Korti Kuu ya nchi, lakini majaji wanne kwa watatu walikataa kuingilia kati. Ramani ilichorwa upya mwaka 1947, na haikuwa sheria ya nchi nzima kwamba wilaya ziwe na idadi sawa ya watu mpaka korti hiyo ilipoamua hivyo mwaka 1964.

Mipaka ikasimama, lakini watu walitembea. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza na baadaye, watu weusi wa kusini ya nchi waliacha mashamba ya pamba wakapanda gari la moshi kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya kaskazini. Mwaka 1910 watu weusi wa Chicago walikuwa 44,103. Mwaka 1930 walikuwa 233,903. Wenye nyumba hawakuwapa nafasi ya kukaa popote watakapo, wakasongamana upande wa kusini. Hivyo ubaguzi uliowafungia mahali pamoja ndio uliowapa wingi wa kura mahali pale.

Mjumbe wa wilaya alikuwa mzungu, Martin Madden, wa chama cha Republikani, tena mkuu wa kamati inayogawa fedha za serikali. Mwezi wa Aprili 1928, mara tu baada ya mchujo, Madden alifariki. Kanuni za chama zilisema kwamba mteuliwa akifa wakuu wa chama wa kata humchagua mwingine. Miongoni mwa wakuu hao alikuwamo Oscar De Priest, mpaka rangi wa nyumba, aliyezaliwa Alabama mwaka 1871 kwa wazazi waliokuwa watumwa. Naye alikwisha kuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika Baraza la Mji wa Chicago, mwaka 1915. Wenziwe wakampa jina la chama. Mwezi wa Novemba akashinda kwa tofauti isiyofika kura 4,000.

Mjumbe mweusi wa mwisho kabla yake, George White wa North Carolina, alikuwa ametoka Bungeni mwaka 1901. Yaani miaka 28 ilikuwa imepita. Ikasemekana kwamba wajumbe wa kusini wangempinga De Priest asiapishwe. Desturi ilikuwa wajumbe waape jimbo baada ya jimbo, na aliyekwisha kuapa aliweza kumpinga ambaye hajaapa bado. Spika Longworth akawaapisha wote kwa mara moja, na kwa hiyo hapakuwa na mtu mwenye haki ya kupinga. Sisi tunaoishi kwa kanuni na nyaraka tutaona uzuri wa hila hiyo.

De Priest alifanya kazi ya kuonekana. Mwaka 1933, serikali ilipoanzisha makambi ya kazi kwa vijana wasio na kazi, yeye ndiye aliyetia katika sheria neno la kukataza kubagua watu kwa rangi au dini. Mwaka 1934 karani wake mwenyewe alifukuzwa katika mkahawa wa Bunge kwa sababu ya rangi yake. De Priest akakusanya sahihi 145 za wajumbe ili jambo lifunguliwe, ikaundwa kamati ya watu watano. Watatu wakakubali mkahawa uendelee kama ulivyo, wawili wakakataa, kila mmoja akifuata chama chake. Karani hakupata chakula chake. Lakini jambo lake liliandikwa katika daftari za Bunge, na lingali limo.

Mwaka huo huo De Priest akashindwa. Wakati wa shida kubwa ya fedha, chama cha Republikani kilikuwa madarakani ilipoanza, na watu weusi, ambao tangu siku za Lincoln walikishika kama urithi, walianza kukiacha. Sasa angalieni. Katika mchujo wa chama cha Demokrati mwaka 1934 alishinda Harry Baker, mzungu, na Arthur Mitchell, mwanasheria mweusi, akashindwa. Baker akafa kabla ya Novemba. Wakuu wa kata wakampa Mitchell jina la chama, naye akamshinda De Priest kwa kura kama 3,000, akawa mtu mweusi wa kwanza wa chama cha Demokrati kuingia Bungeni. Mara mbili, basi, mlango ulifunguliwa na mauti, na mara mbili watu waliosimama penye mlango walikuwa wale wale wakuu wa kata.

Mitchell atakumbukwa kwa jambo moja. Mwaka 1937 alisafiri kwenda Hot Springs, Arkansas, akiwa na tikiti ya daraja ya kwanza aliyoilipia kwa ukamilifu. Akatolewa katika behewa lake, akapelekwa katika behewa la watu weusi. Alipeleka shauri, likatupwa na tume ya reli. Akalipeleka mbele zaidi, na mwaka 1941 akasimama mwenyewe katika Korti Kuu kulitetea. Majaji wote wakampa haki.

Mwaka 1943 kiti kikapita kwa William Dawson, aliyekikalia mpaka kufa kwake mwezi wa Novemba 1970. Huyu zamani alikuwa Republikani, tena mwaka 1938 alisimama kumpinga Mitchell akashindwa. Akahama chama, akajenga nguvu ambayo haikuwa imeonekana upande ule. Mwaka 1949 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kamati ya kudumu ya Bunge. Mwaka 1951 alisimama akasema juu ya wazo la kuwaruhusu askari kuchagua kukaa na watu wa rangi yao tu. Yeye mwenyewe alijeruhiwa kwa gesi vitani Ufaransa, na wazo lile likashindwa.

Lakini wanachama wa chama kama hiki chetu wataka kujua nguvu yake ilitoka wapi. Ilitoka katika kazi za serikali. Kila mtaa ulikuwa na mzee wake wa chama. Aliyetaka kazi ya posta, au ya mji, alikwenda kwake. Aliyekosa makaa wakati wa baridi alikwenda kwake. Mwenye mtoto aliyekamatwa alikwenda kwake. Siku ya kura mzee alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari yake, na kila mtu alikumbuka. Msidhani watu wale walikuwa wajinga: walipewa kitu halisi katika mji ambao haukuwa ukiwapa kitu, na mtu mwenye njaa hawezi kulaumiwa kwa kushukuru. Walakini karani aliyepewa meza kwa kura huishika meza hiyo kwa kura, na mkubwa wake wa kweli hayumo ofisini. Dawson naye, kwa kuilinda nguvu hiyo, alinyamaza mara nyingi juu ya mambo ya Chicago ambayo watu wake walitaka ayaseme. Ndivyo nionavyo, nami najua wako watakaomtetea. Mwaka 1969 mwanasheria mmoja, Shakman, alipeleka shauri kortini juu ya desturi hii, na mwaka 1972 yalifanywa mapatano ya kukataza mtumishi kufukuzwa kwa sababu ya siasa.

Aliyemfuata Dawson ni Ralph Metcalfe, yule mkimbiaji aliyekuwa wa pili nyuma ya Jesse Owens katika mbio za mita 100 huko Berlin mwaka 1936. Aliingia akiwa mtu wa Meya Richard J. Daley. Mwaka 1972 akagombana naye juu ya polisi waliowatesa watu weusi. Meya akamnyang'anya kazi zote alizokuwa akiwagawia watu wake, na mwaka 1976 akamsimamishia mtu mwingine katika mchujo, Erwin France. Watu wakampa Metcalfe ushindi mkubwa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba watu waweza kupokea makaa na bado wakapiga kura wapendavyo.

Mwezi wa Oktoba 1978, majuma machache kabla ya uchaguzi, Metcalfe alifariki. Bila shaka mmekwisha kukisia: wakuu wa kata wakakutana, wakamchagua Bennett Stewart, naye akaingia. Hii ilikuwa mara ya tatu. Lakini safari hii watu walikumbuka, na katika mchujo wa 1980 wakamtoa, wakamweka Harold Washington. Huyu mwaka 1983 akachaguliwa kuwa Meya wa kwanza mweusi wa Chicago, na kiti kikaenda kwa Charles Hayes, mtu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nyama. Mwaka 1992 jina la Hayes lilitajwa miongoni mwa wajumbe waliotoa hundi kupita akiba zao katika benki ya Bunge, siku chache kabla ya mchujo, akashindwa kwa kura chache na Bobby Rush, aliyekuwa zamani katika chama cha Black Panther.

Sasa nafika mahali panapotugusa. Mwaka 2000 Rush alipingwa katika mchujo na kijana wa Baraza la Illinois, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Kenya, mwenye elimu ya uchumi, mtumishi wa serikali kama sisi. Jina lake Barack Obama. Miezi michache kabla, mwana wa Rush alipigwa risasi akafa, na mji mzima ulimhurumia baba. Kisha Baraza la Illinois likaitwa kupiga kura juu ya sheria ya bunduki wakati wa sikukuu, na Obama alikuwa Hawaii pamoja na jamaa zake, mtoto wake akiwa mgonjwa, hakuwapo. Rush alipata kama 61 katika kila kura 100, Obama kama 30. Tangu siku ile mpaka alipoingia katika ofisi ya Rais mwaka 2009, na tena mwaka 2012, hakushindwa na mtu katika uchaguzi mwingine wa kiti. Hivyo Rush alibaki mtu wa pekee aliyemshinda.

Ramani yenyewe imebadilika sana. Mwaka 1928 Illinois ilikuwa na wajumbe 27. Baada ya hesabu ya 2020 wamebaki 17. Watu weusi wengi wameondoka Chicago Kusini, na wilaya ikanyoshwa kila mara kufuata watu, hata ikatoka mjini ikafika mashamba ya Will na Kankakee, ili itimize watu zaidi ya 750,000. Mtu wa De Priest akifufuka leo hataitambua.

Rush alipotangaza kustaafu, majina 17 yalitokea katika mchujo wa Demokrati wa 2022. Aliyeshinda ni Jonathan Jackson, mwana wa Mchungaji Jesse Jackson, kwa kura kama 28 katika kila 100. Yaani zaidi ya watu saba katika kumi waliokuja kupiga kura walimtaka mtu mwingine, bila ya kuhesabu wale waliokaa nyumbani wakingoja Novemba. Na kwa kuwa chama cha Demokrati hakijapoteza kiti hiki tangu 1934, Novemba haikuwa na la kuamua. Akaapishwa Januari 2023, akachaguliwa tena 2024.

Ramani mbili nilizozichora kwa mkono, ya 1901 na ya 2021, zimebandikwa ukutani nyuma ya Bwana Katibu. Wenye kupenda waweza kuzilinganisha wakati chai ikitolewa, na mwenye swali ataniuliza kwa ruhusa ya Bwana Mwenyekiti.