Kazi ya Nafasi kwa Mwanafunzi wa Chuo

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za zile saa ambazo kengele ya chuo haizitawali. Katika chuo cha ualimu kengele hupigwa alfajiri watu waamke, hupigwa kwa usafi, kwa darasa, kwa chakula, kwa michezo, hata taa zizimwe. Walakini baada ya chakula cha jioni, na siku ya Jumamosi tangu adhuhuri, hubaki nafasi kidogo, nayo ni mali ya mwanafunzi mwenyewe. Tupitapo mabwenini saa hizo twamkuta mmoja amelala chali anatazama dari, na wengine wawili wanabishania mpira wa juzi. Tukiwauliza, hujibu kwa adabu, "Mwalimu, tunapumzika." Hatuwagombezi. Aliyesoma kutwa hana budi kupumzika. Lakini twajua jambo ambalo wao hawajalijua bado, nalo ni habari ya jioni zitakazowangoja huko waendako.

Mtu akihitimu hupelekwa shule aliyopangiwa, pengine mbali na barabara kuu. Nyumba yake ni chumba na sebule, na jirani wa kuzungumza naye habari za vitabu hayupo. Saa kumi watoto wamekwisha kwenda zao, na jua bado liko juu. Tumewaona vijana wema, waliofaulu vizuri, ambao saa hizo ziliwashinda. Huanza kwa kikombe kimoja cha kuondoa upweke, na baada ya miaka miwili kila barua yake ni ya kuomba uhamisho. Watu husema pombe imemharibu. Sisi twasema kwamba ile jioni tupu ilitangulia, pombe ikafuata nyuma.

Ndiyo maana twawasihi wanafunzi wetu watafute kazi ya nafasi wangali chuoni, yaani kazi ya kubuni na kuumba kitu, aifanyayo mtu kwa kupenda kwake, bila kuamriwa wala kulipwa. Mwaka 1897 huko Afrika Kusini, karibu na Johannesburg, alikuwako mwalimu kijana wa shule ya misheni, jina lake Enoch Sontonga. Yeye alikuwa akitunga nyimbo za kuimbwa na wanafunzi wake. Mmoja katika hizo ni Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao sauti yake leo ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Sontonga alifariki mwaka 1905, asijue wimbo wake utafika wapi. Hatusemi ya kuwa kila mwalimu atatunga wimbo wa taifa. Twasema tu kwamba huyu hakukosa la kufanya watoto walipokwisha kwenda nyumbani.

Jibu tulisikialo mara nyingi ni hili: "Mwalimu, mimi sikujaliwa." Kijana hungoja kipaji kimjie kwanza, ndipo ashike kazi. Atangoja sana. Aliyekuwa mwandishi mashuhuri wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, amesimulia mwenyewe jinsi alivyoanza alipokuwa mwanafunzi wa Makerere. Alikutana na mwanafunzi mwenzake, Jonathan Kariara, aliyekuwa akishughulika na gazeti la chuo liitwalo Penpoint, akamwambia ya kwamba ameandika hadithi fupi, je, aweza kumtazamia? Kumbe hakuwa ameandika hata neno moja. Kariara akakubali, na kijana hakuwa na njia ila kurudi akaiandike. Kabla hajaondoka Makerere alikuwa amekwisha kuandika riwaya mbili, zilizopigwa chapa mwaka 1964 na 1965. (Hatuwafundishi uongo, wazazi msituandikie barua za malalamiko.) Tuwaonyeshalo ni kwamba kilichomsukuma ni mtu mmoja aliyekuwa akiingoja hadithi. Basi nawe mwanafunzi mwambie mwenzako mmoja, "Jumamosi ijayo nitakuonyesha kitu," uone kama utalala chali ukitazama dari.

Ama kazi yenyewe, usianze na ile itakayo fedha. Udongo wa mfinyanzi hauuzwi, wachimbwa mtoni. Uloweke siku mbili tatu, uuchekeche kuondoa mawe na mizizi, kisha uukande kwa nguvu mpaka hewa yote itoke. Changanya na mchanga kidogo, au vigae vilivyopondwa, usije ukapasuka motoni. Ukiisha kufinyanga, anika kivulini, polepole. Mwenye haraka huanika juani, na jioni huokota vipande. Wako vijana wa kiume waonao haya kushika udongo, kwa kuwa kwao ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Hao tutawaambia habari za Gregory Maloba, kijana wa Kenya aliyesoma uchongaji Makerere, akafinyanga na kuchonga, hata ikawa yeye ndiye aliyefanya sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962.

Asiyependa kuchafua mikono ana shairi. Ubeti una mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande wa pili, na vina katikati na mwisho. Waweza kuhesabu mizani kwa vidole ukienda kisimani, wala hapana akuonaye. Twakiri ya kuwa beti za kwanza huwa kama mzigo uliofungwa ovyo: mstari mmoja unapungua mizani, mwingine unazidi, na kina kimelazimishwa. Haidhuru. Atafutaye neno la mizani tatu lenye kuishia na "-ani" hulazimika kupekua lugha yake yote, na maneno aliyoyasikia kwa bibi yake akayasahau humrudia.

Jihadhari na mawili. Usiache kazi hiyo ile saa za masomo, kwa maana mtihani haukuulizi chungu. Na usiwe na haraka ya kuuza. Mwenye kuuza mapema hufanya kila siku kile kile kilichopata mnunuzi, wala hajaribu kipya.

Chuoni petu tumeweka meza karibu na mlango wa maktaba. Apendaye huweka juu yake kazi aliyoifanya, hata ikiwa haijesha, bila kuandika jina, na wapitao huitazama. Juma hili pana mtungi wenye ufa ubavuni, kikapu kisicho na mkono, na beti tatu za shairi. Ubeti wa tatu umepungua mstari mmoja, na mtu mwingine ameandika chini yake kwa penseli: "Twaungoja."